Nota za Tarumbeta, Mitaa ya New Orleans

Bendi ya matarumbeta ya New Orleans haihitaji watu wengi. Tarumbeta mbili, tromboni mbili, saksofoni ya tena, susafoni inayobeba besi, ngoma ndogo na ngoma kubwa: hao wanatosha kuutoa mtaa mzima nje. Nilianza kuuandika muziki wao kwa nota nikiwa Dar es Salaam, kwa kusikiliza rekodi, kwa sababu ninafundisha vijana wa matarumbeta kanisani na nilitaka wapate cha kupiga zaidi ya tenzi na nyimbo za Krismasi. Kazi ikaenda mpaka ikafika mahali ambapo sikio peke yake halitoshi. Kwenye rekodi unasikia sauti ikiteleza kushuka mwishoni mwa nota, lakini humwoni mpigaji anavyolegeza midomo. Unasikia pigo limechelewa kidogo, lakini huwaoni wachezaji ambao pigo hilo linawasubiri. Dada yangu mkubwa, muuguzi anayeishi huko, alikuwa akiniambia kwenye simu: "Mdogo wangu, njoo uwaone kwa macho yako. Jumapili wanapita mlangoni kwangu." Viza ilipotoka, nikafunga safari.

Swali nililokwenda nalo lilikuwa moja. Katika muziki ambao mpigaji anatarajiwa kuongeza cha kwake, mwandishi wa nota aandike kiasi gani, na kiasi gani amwachie mpigaji mwenyewe?

Ndege ilipitia Amsterdam. Nikiwa uwanjani Schiphol nasubiri ndege ya Atlanta, nilifungua laptopu nikaendelea na kazi katika nchi ilikoanzia programu ninayoitumia. Inaitwa LilyPond. Waholanzi wawili, Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen, waliianza mwaka 1996, na tangu hapo watu wa nchi nyingi wamekuwa wakiiendeleza na kuigawa bure. Walichokitamani ni ukurasa wenye uzuri wa vitabu vya zamani vya muziki, ambavyo fundi alivichonga kwa mkono kwenye bamba la madini, akijua kila nota ipewe nafasi gani ili jicho la mpigaji lisikwame.

Ndani yake hakuna mistari mitano ya kubofya kwa kipanya. Unaandika herufi na tarakimu kwenye ukurasa mtupu, programu inazisoma, kisha inakutolea faili la PDF lenye nota zilizopangwa tayari kwa kuchapwa. Usipobadilisha kitu, majina ya nota ni ya Kiholanzi: F shapu ni fis, B flati ni bes, E flati ni es. Kipimo kimoja cha tarumbeta nilichokuwa nakihangaikia pale Schiphol kiliandikwa hivi:

r8 g bes4\bendAfter #-4 r2

Herufi r ni kimya, na 8 inasema kimya hicho ni cha nusu pigo. Inafuata g ya nusu pigo, kisha bes ya pigo zima. Maneno yaliyoshikana nayo yanachora mkunjo mwembamba unaoanguka kutoka kwenye kichwa cha nota. Mpigaji akiuona anajua aifikie nota kwanza, ndipo aiachie iteleze chini. Mwisho ni kimya cha mapigo mawili, na kipimo cha mapigo manne kimetimia. Ukiandika +4 badala ya -4, mkunjo unapanda.

Uzuri wa kuandika namna hii unaonekana zaidi pale unapokuwa na wasomaji wa aina mbili, kama nilivyokuwa mimi. Nilifundishwa tarumbeta katika usharika wa KKKT, kwa utaratibu ulioletwa na wamisionari wa Kijerumani: nota inaandikwa kama inavyosikika. Tarumbeta yetu ni ya B flati. Ukitoa B flati bila kubonyeza vali yoyote, karatasi yetu nayo imeandika B flati. Mpigaji wa New Orleans, aliyelelewa kwenye bendi ya shule, sauti hiyohiyo anaiona imeandikwa C. Ukiwapa wawili hao karatasi moja na kuwaambia wapige pamoja, watapishana kwa hatua nzima kuanzia nota ya kwanza hadi ya mwisho. Zamani dawa yake ilikuwa kukaa chini na kunakili wimbo wote upya. Kwenye LilyPond wimbo nauandika mara moja, kama unavyosikika, na kuupa jina, tuseme tarumbetaMoja. Karatasi ya vijana wangu inauchukua kama ulivyo. Kwa Mmarekani naandika:

\transpose bes c' \tarumbetaMoja

na kila nota inapanda hatua nzima, alama za flati na shapu mwanzoni mwa mstari zikijirekebisha. Saksofoni ya tena inapandishwa vivyo hivyo, ila kwa oktava moja zaidi. Tromboni na susafoni wanasoma sauti halisi kwenye ufunguo wa besi. Nikibadilisha nota moja kwenye chanzo, karatasi zote zinaifuata.

Uwanja wa ndege wa New Orleans una jina la mpiga tarumbeta Louis Armstrong, aliyezaliwa mjini humo tarehe 4 Agosti 1901. Dada alinipokea, akanipeleka kwake, mtaa wa Tremé, kwenye nyumba nyembamba ya mbao ambayo chumba kimoja kinafuata kingine hadi uani, na mbele kuna kibaraza. Ilikuwa Jumatatu, na kwa desturi ya mji Jumatatu ni siku ya maharage mekundu na wali. Joto lilikuwa la unyevu na shati lilishika mgongoni, hali ninayoijua tangu utotoni. Nililala vizuri.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Chuo Kikuu cha Tulane. Nilipanda tramu ya kijani ya St. Charles, inayopita taratibu chini ya mialoni mikubwa, mpaka chuoni. Katika jengo la Jones Hall kuna Hogan Archive, hifadhi ya muziki wa New Orleans iliyoanzishwa mwaka 1958. Nilikuwa nimeomba kuona karatasi za John Robichaux, mpiga fidla na kiongozi wa bendi aliyefariki mwaka 1939. Bendi yake ilikuwa ya wasomaji. Walinunua seti za nota zilizochapwa, wakazipiga kwenye dansi za matajiri, na karatasi hizo zimedumu mpaka leo.

Niliyoitazama kwa muda mrefu zaidi ni karatasi ya korneti ya kwanza. Imegeuka rangi ya kahawia, na pembe yake ya chini upande wa kulia imekuwa nyeusi kwa vidole vya mtu aliyekuwa akiigeuza usiku baada ya usiku. Juu ya kipimo kimoja kuna alama ya penseli, nadhani ya kumkumbusha mpigaji avute pumzi hapo. Seti za namna hii mara nyingi ziliuzwa bila nakala kuu yenye sauti zote. Kiongozi aliongoza kwa karatasi ya fidla au ya piano, na kila mpigaji aliijua sehemu yake peke yake. Wimbo mzima ulipatikana pale tu walipokaa pamoja. Nikaelewa kwa nini fundi wa nota anapaswa kuitunza zaidi karatasi ya mpigaji kuliko nakala kuu inayopendeza kuwekwa kabatini. Karatasi ya mpigaji ndiyo inayofanya kazi.

Miaka hiyohiyo, upande wa juu wa mji, alikuwepo Buddy Bolden, mpiga korneti aliyezaliwa mwaka 1877. Waliomsikia walisimulia kwamba sauti yake ilisikika mbali kuliko ya mtu yeyote, na wengi wanamhesabu miongoni mwa waanzilishi wa jazi. Mwaka 1907 alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Jackson, Louisiana, na huko akabaki mpaka alipofariki mwaka 1931. Hakuna rekodi yake hata moja iliyopatikana, wala karatasi inayotuonyesha alipiga nini. Ya Robichaux yapo kwenye makasha, unaweza kuyapiga kesho. Ya Bolden tunayo masimulizi. Nilitoka Jones Hall nikiwa na uchungu wa kweli kwa ajili ya mtu aliyekufa kabla babu yangu hajaoa.

Kwenye Makumbusho ya Jazi, ndani ya jengo lililokuwa kiwanda cha serikali cha kutengeneza sarafu, mwisho wa barabara ya Esplanade, kuna korneti inayotajwa kuwa ndiyo Armstrong aliyojifunzia alipokuwa mtoto katika nyumba ya kurekebisha tabia. Watu wengi wanamjua Armstrong kama mtu wa kubuni papo kwa papo, na ni kweli. Lakini alisoma nota pia. Kati ya 1919 na 1921 alipiga kwenye meli za starehe za mto Mississippi, katika bendi ya Fate Marable, kiongozi aliyetaka kila mtu asome, na mwenzake David Jones akamfundisha. Januari 1924 karatasi ya wimbo wake "Cornet Chop Suey", kwa mwandiko wake mwenyewe, ilipelekwa Washington kusajiliwa haki ya utunzi. Aliurekodi Chicago tarehe 26 Februari 1926, pamoja na kundi lake la Hot Five. Sehemu kubwa ya tunayoyasikia kwenye rekodi ile, na ambayo vizazi vya wapiga tarumbeta wamedhani yalimjia hapohapo studio, ilikuwa tayari kwenye karatasi miaka miwili kabla. Armstrong aliandika, na karatasi haikumzuia kuwa Armstrong.

Jumapili ikafika. Mchana tulisikia ngoma kubwa kabla hatujaona mtu. Yalikuwa maandamano ya mtaani ambayo dada aliniambia kwenye simu. Hufanywa karibu kila Jumapili ya msimu na vyama vya kusaidiana, ambavyo zamani ndivyo vilivyowalipia Weusi wa mji huu matibabu na mazishi, kama vyama vya kuzikana vya kwetu. Mbele hutembea wanachama kwa suti za rangi moja na vipepeo vya manyoya, wakifuatana na bendi yao, na nyuma inakuja jamii yote, watoto kwa wazee, inacheza hadi mwisho wa njia.

Pwani yetu iliwahi kuwa na jambo la jinsi hii. Tangu miaka ya 1890, Lamu na Mombasa, vikundi vya beni vilichukua mtindo wa bendi za kijeshi na kuufanya mashindano ya mitaa. Baadaye vyama viwili vya beni, Marini na Arinoti, vikaenea mpaka Dar es Salaam na bara, na mwanachama akifiwa wenzake walimchangia. Nilipokuwa nikitembea nyuma ya bendi ile Tremé nilijiona niko nyumbani kwa namna ambayo sikuitarajia.

Nilijisogeza karibu na mpiga ngoma kubwa. Juu ya ngoma yake kumefungwa tasa moja dogo la shaba, na mkono wa kushoto analigonga kwa kipande cha waya kilichokunjwa, waya wa hanga ya nguo. Mkono wa kulia unapiga ngoma. Kila vipimo viwili, pigo la nne la kipimo cha pili analikaza, na hapohapo mguu wa kila mchezaji unashuka. Mpiga ngoma alikuwa akiitazama miguu ya watu, na kwenye kona, njia ilipobana, alilishika pigo hilo kidogo mpaka waliokuwa nyuma wakapita. Kumbe kuchelewa kule nilikokusikia kwenye rekodi kulikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni watu.

Tulipofika barabara ya Claiborne, chini ya daraja la barabara kuu ya I-10, bendi ilisimama. Hapo zamani palikuwa na safu za mialoni na maduka ya Weusi. Miti ilikatwa miaka ya 1960 ili barabara ipite. Sasa zege la juu linarudisha sauti, na bendi zinajua. Tromboni mbili ziliinuliwa, susafoni ikabaki peke yake kwa vipimo vinne, kisha wote wakaingia kwa pamoja. Nilikuwa na daftari mfukoni. Sikulitoa.

Usiku, dada akiwa zamu, nilikaa kwenye kibaraza na laptopu. Wimbo niliokuwa nauandika ni "Just a Closer Walk with Thee", tenzi ya zamani ambayo bendi hizi huipiga taratibu wakati wa kusindikiza maiti, na jeneza likishaagwa huipiga kwa kasi na furaha. Nilikuwa nimeanza kuandika kila mteremko, kila nota iliyocheleweshwa, kila tofauti ya urefu kati ya nusu pigo na nusu pigo. Kompyuta inaweza yote hayo. Lakini ukurasa ulikuwa umejaa, na kijana anayeutazama kwa mara ya kwanza angeona alama kabla ya kuona wimbo.

Nikaanza kupunguza. Nusu pigo zote nikaziandika sawasawa, na juu ya mstari wa kwanza nikaandika neno swing, maana namna ya kuzirefusha na kuzifupisha hufundishwa kwa sikio, na kwenye mtaa ule haikuwa ileile kutoka kona hadi kona. Miteremko nikaibakiza pale tu ambapo tarumbeta zote mbili zinateremka pamoja, kwa sababu hapo ni lazima wakubaliane. Ya mpigaji mmoja nikaifuta. Kwa ngoma kubwa nikaandika vipimo viwili vya mfano, pigo la nne la cha pili likiwa na alama ya mkazo, kisha maelekezo kwamba aendelee hivyo akitazama wachezaji. Kwenye tarumbeta ya kwanza, raundi ya tatu, nikaacha vipimo nane vyenye majina ya kodi tu juu ya mistari.

Jirani wa dada ni mzee mpiga tromboni, mwalimu mstaafu wa bendi ya shule. Shule za New Orleans, kama St. Augustine na bendi yake ya Marching 100, ndiko wapigaji wengi wa mtaani walikojifunzia kusoma, ingawa barabarani wanapiga bila karatasi. Nilimpelekea karatasi yake. Aliishika mbali na macho, akaniuliza kama ninaweza kuichapa ndogo, ya kubanwa kwenye ala wakati wa kutembea. Nikabadilisha mistari miwili mwanzoni mwa faili, ukubwa wa karatasi na ukubwa wa nota:

#(set-default-paper-size "a6" 'landscape)
#(set-global-staff-size 18)

Programu ikapanga upya kila kitu, kurasa mbili ndogo, na mahali pa kugeuzia pakaangukia kwenye kimya. Mzee aliona hilo kabla hata hajaanza kusoma nota, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Raundi ya kwanza alipiga nilichoandika, nota kwa nota. Nilisikia kazi yangu ikitoka safi kwenye kengele ya tromboni. Raundi ya pili aliipiga ile ile, lakini mwishoni mwa kila mstari aliongeza mvuto kutoka chini kwenda juu, akijibu tarumbeta ambayo haikuwepo kibarazani ila yeye alikuwa akiisikia. Nilimuuliza kama niuandike mvuto ule. Akasema niuandike mara moja tu, mahali pa kwanza, ili mtoto ajue kwamba unaruhusiwa. Mengine atayapata mwenyewe.

Hilo ndilo jibu nililolifuata, na tangu siku hiyo ndiyo kanuni yangu. Ninaandika kile ambacho wapigaji lazima wakubaliane. Kile ambacho mpigaji anaruhusiwa kukiongeza nakionyesha mara moja, mahali pake pa kwanza. Panapobaki namwachia nafasi. Robichaux na watu wake walipiga kutoka kwenye karatasi, Bolden hakutuachia hata moja, na Armstrong alikuwa na vyote viwili, kalamu na pumzi. Ninawataka vijana wangu wawe na vyote viwili.

Nimerudi Dar es Salaam na kazi kubwa kuliko niliyokwenda nayo. Bendi zetu za dansi zilijiita jazi kwa fahari: NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964, Kilwa Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz. Mlimani Park ilipoanza mwaka 1978, tarumbeta na saksofoni zake zikawa sehemu ya Jumamosi za watu. Sauti hizo zilirekodiwa Radio Tanzania, na kanda zimo kwenye maktaba ya TBC. Lakini nani alipiga sauti ya pili ya tarumbeta, kwa vali zipi, na wapi walivuta pumzi kwa pamoja, hayo yamo vichwani mwa wazee, na wazee wanatuacha.

Nimeanza na wimbo mmoja, jina la mtunzi likiwa juu ya ukurasa na majina ya waliopuliza chini yake, karatasi moja ya sauti halisi kwa vijana wa kanisani na nyingine ya B flati kwa yeyote atakayeihitaji. Faili lenyewe ni herufi tupu, kilobaiti chache, linatumwa hata kwa simu. Kama katika mtaa wako yupo aliyewahi kupuliza kwenye bendi ya enzi zile, nenda ukakae naye wiki hii. Mwombe aipige sehemu yake taratibu, kisha aipige tena apendavyo. Ya kwanza iandike. Ya pili isikilize vizuri, uwapigie watoto.